Kumpitisha baba njia za miguu za Lushoto hadi Irente: naomba mwongozo

Mjukuu wa Milimani ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina jambo ambalo nimekaa nalo kwa wiki kadhaa, na naamini humu wamo watu wa Lushoto, au waliowahi kuishi huko, wanaoweza kunielekeza.

Baba yangu alizaliwa kwenye vilima vilivyo kati ya mji wa Lushoto na Irente, akashuka akiwa kijana kwenda kutafuta kazi Tanga, na baadaye akahamia Dar es Salaam ambako sisi watoto wake tulizaliwa. Sasa ana miaka 71. Kwa miaka yote hiyo safari zetu za kwenda kwao zimekuwa za misiba: tunapanda kwa gari usiku, tunazika, tunakaa matanga kidogo, na kesho yake tunarudi. Mwezi uliopita tukiwa barazani alisema kwamba angependa kuipita tena kwa miguu njia aliyokuwa akipita na mama yake siku za gulio, yeye akiwa na fungu la karoti begani na mama yake tenga la kabichi kichwani, na kwamba angependa mjukuu wake awepo. Mjukuu mwenyewe ni binti yangu wa miaka 11. Baba si mtu wa kuomba vitu, kwa hiyo niliposikia hivyo nilijua kwamba nisipolifanya mwaka huu nitakuja kujilaumu.

Tumepanga kwenda mwezi wa sita, shule zikifungwa. Ninachohofia kwanza ni goti lake la kushoto, ambalo humsumbua kwenye ngazi. Pili, sijui kama njia yenyewe bado inapitika, wala kama inafaa tutafute mtu wa kutuongoza au tumwachie yeye mwenyewe atuongoze. Tatu, na hili linanisumbua zaidi, ni kwamba njia hizo zinapita katikati ya mashamba na nyua za watu, nami nimekulia mjini ambako kupita uani kwa mtu bila shughuli ni kosa. Nisingependa tuonekane kama watu waliokuja kutazama umaskini wa wenzao. Je, wenyeji wanachukuliaje watu wanaopita hivi hivi, wakitembea tu?

Kijana wa Magamba amejibu:

Karibu sana nyumbani, ndugu. Kazi yangu ni kuongoza wageni katika milima hii, kwa hiyo nitakueleza yale ninayoyaona kila wiki.

Kutoka Mombo, pale chini kwenye barabara kuu ya Korogwe na Same, mtapanda kona kwa kona takriban kilomita 33 kupitia Soni hadi Lushoto mjini, ambako mtakuwa kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Msianze kutembea siku hiyohiyo. Laleni, mle vizuri, muamke bila haraka, kwa sababu mwezi wa sita ukungu wa asubuhi unaweza kufunika bonde lote hadi saa nne, na mkifika Irente mapema mtakuta weupe mtupu mbele yenu. Kutoka mjini kupitia Yoghoi hadi kwenye jabali la Irente ni kilomita tano au sita. Kijana huzitembea kwa saa moja na nusu, lakini mzee wa miaka 71 na mtoto wapewe saa tatu, pamoja na kupumzika. Njiani, kabla ya kufika kwenye jabali, mtapita shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, ambako mnaweza kukaa kivulini na kununua mkate, jibini na jamu.

Kuhusu goti, ushauri wangu ni kwamba mchukue gari au bodaboda hadi juu, kisha mtembee mkishuka, ili mzee asichoke. Na pale kwenye jabali lenyewe, tafadhali sana, mshike mtoto mkono. Ni ukingo wa mwamba usio na uzio wa kutegemewa, na chini yake kuna genge la karibu mita 1,000 hadi tambarare ya Mazinde. Upepo huvuma kwa ghafla. Nimewahi kuona kofia ya mgeni ikiondoka kichwani na mwenyewe akapiga hatua mbili kuifuata kabla hajakumbuka mahali alipo.

Mwongozaji si lazima kwa njia ya Irente. Mkitaka kuingia msitu wa hifadhi wa Magamba, huko mtahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na kuwa na mtu anayeujua msitu ni busara.

Binti wa Yoghoi amejibu:

Namshukuru Kijana wa Magamba kwa maelezo yake, lakini kuhusu goti naomba nimpinge kwa heshima, kwa sababu nimemuuguza mama yangu mwenye maradhi hayohayo. Kupanda huchosha pumzi, na pumzi mtu akikaa kidogo hurudi. Kushuka ndiko kunakoumiza goti, kwa kuwa kila hatua uzito wote wa mwili huangukia pale, na kwenye udongo wetu mwekundu mtu hujikaza muda wote ili asiteleze. Mzee apande kwa miguu taratibu, akiwa na fimbo, kisha arudi mjini kwa gari. Fimbo iwe ya urefu wa kufika kiunoni, wala asivae viatu vipya vya ngozi. Raba zenye meno zinatosha, na mvua ikiwa imenyesha usiku, watu wa huku wote tunavaa gambuti, hakuna wa kuwashangaa mkizivaa.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, ambalo limenifurahisha kwa sababu wageni wengi hawaliulizi. Njia ya miguu huku kwetu si ya mwenye shamba peke yake, hata kama inapita katikati ya viazi vyake. Kila mtu anaipita: mtoto wa shule, mgonjwa anayebebwa kwenda zahanati, jeneza, mwanamke aliyejitwisha majani ya ng'ombe. Mwenye shamba analima hadi ukingoni mwa njia na hapo jembe lake linasimama. Kwa hiyo hakuna atakayekuuliza unapita kwa nini. Watakachokiangalia ni namna unavyopita.

Salimia wa kwanza. Wewe ndiwe unayepita, kwa hiyo salamu ianzie kwako, na binti yako aamkie kila mtu mzima kwa shikamoo, hata aliye mbali shambani ameinama, kwa sababu anakusikia. Baba yako akisema "onga maundo" asubuhi, au "onga mshi" jua likishapanda, mtaona nyuso zinavyobadilika, na jibu litakuwa "niwedi". Mfundisheni mtoto maneno hayo matatu ndani ya basi. Mkikutana na mtu mwenye mzigo kichwani, simameni ninyi, msogee upande wa juu wa njia, mumwache apite upande wake bila kubadilisha mwendo. Mwanamke mwenye tenga la nyanya kichwani hawezi kugeuka wala kutazama chini, anaijua njia kwa nyayo, na mkisimama upande wa bonde mnamtia wasiwasi kwamba mtaanguka.

Mtaona pia mistari ya majani marefu ikikata mteremko kama pindo la kanga. Ni majani ya guatemala, yamepandwa kuzuia udongo usiondoke na mvua, na ndiyo malisho ya ng'ombe wanaofugwa ndani. Mtoto asiyachume wala asipite katikati yake kutafuta njia ya mkato. Kila pengo linalofunguka hapo, mvua ya masika hulifanya mfereji, na mfereji ukiachwa misimu miwili hula shamba zima.

Njia ikipita uani, piga hodi hata kama mlango uko wazi, kisha endelea kutembea ukisalimia. Mkikaribishwa kukaa, kaeni japo dakika tano. Picha ya mtu msipige kabla ya kumwomba.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Nimesoma maelezo haya yote na nimeguswa, kwa kuwa nilifundisha katika milima hiyo miaka mingi kabla sijahamia Korogwe. Naomba niongeze jambo moja ambalo mjukuu huyo wa miaka 11 anastahili kuambiwa akiwa njiani, mbali na daftari.

Njia hizo ni za zamani kuliko barabara, kuliko mji wa Lushoto wenyewe, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Wakati dola ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, ilipokuwa na makao yake Vuga, ujumbe, kodi na mashauri yote ya watu yalipita kwenye njia za miguu kama hizo, kutoka kilele hadi kilele. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipokwenda Vuga mwaka 1848 kuonana na mfalme wao Kimweri ye Nyumbai, alikwenda kwa miguu. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na baadaye ikaendelea kwenye tambarare ya chini hadi Moshi, haikuweza kupanda huku. Mkisimama juu ya jabali la Irente na ukungu ukiwa umeondoka, mwonyesheni mtoto mstari wa reli, barabara kuu na mashamba ya mkonge huko chini, halafu mgeuke nyuma mumwonyeshe vijia vyekundu vinavyopanda kila kilima. Ataona kwa macho yake jinsi watu wa chini na watu wa juu walivyoishi maisha mawili tofauti, wakiunganishwa na njia chache tu za kupanda.

Na hayo majani ya guatemala aliyoyataja Binti wa Yoghoi yana historia yenye maumivu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta mashambani ili kuhifadhi udongo. Nia ya kuokoa udongo haikuwa mbaya, lakini kazi ilikuwa ya amri na faini, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Watu waliikataa hadi ikaachwa. Miaka ya 1980 mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulirudi na jambo lilelile kwa njia nyingine, ya kupanda majani na miti kwenye mistari ya kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa, na kwa kuwa majani yale yalilisha ng'ombe wa mtu mwenyewe, mengi yalibaki. Babu yake mtoto huyo ana umri wa kukumbuka wazazi wake wakiyazungumza matuta ya Mwingereza. Mwulize akiwa amekaa kupumzika, usimwulize akiwa anapanda.

Nina ombi pia. Ukitoka mjini, kabla ya mwinuko mkali wa kwanza, palikuwa na chemchemi chini ya mkuyu, kushoto kwa njia, ambapo wanafunzi wangu waliteka maji kwa vibuyu na madebe wakienda shule. Mkipita hapo, tafadhali nijulishe kama bado ipo.

Mkazi wa Lukozi amejibu:

Naheshimu hisia za baba yako, ndugu, lakini nisingependa umwachie yeye peke yake kazi ya kuongoza. Mtu aliyeondoka zaidi ya miaka 50 iliyopita anaijua njia ya wakati ule. Tangu hapo nyumba zimejengwa mahali palipokuwa na mashamba, vijia vingine vimepanuliwa na bodaboda hadi kuwa barabara, na vingine vimekufa kwa kukosa wa kuvipita, maana njia isiyokanyagwa misimu mitatu huliwa na magugu kisha jembe huimaliza. Njia panda ni nyingi na zote zinafanana. Mzee akipotea kwenye njia ya utoto wake mbele ya mjukuu, atasononeka kuliko atakavyochoka.

Kitongojini kwetu tuliwahi kupata taabu kubwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyenunua shamba, akaja na mbao na waya, akaziba njia ambayo watoto waliipita kwenda shule. Alikuwa na hati zake, na aliamini kwa dhati kwamba alichonunua ni chake chote. Watoto wakawa wanazunguka kupitia korongoni, na mvua zilipoanza mmoja aliteleza akavunjika mkono. Jambo lilipelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, likafika halmashauri ya kijiji, na wazee wawili wakaitwa kusimama pale na kuonyesha njia ilipopita tangu walipokuwa wadogo. Uzio ulirudishwa nyuma hatua nne. Nasimulia haya kwa sababu ushahidi uliokuwapo ulikuwa nyayo na kumbukumbu za wazee tu, na wazee wale wawili wameshafariki. Nikisikia mzee anataka kuipita njia yake pamoja na mtoto, naona anafanya kazi muhimu kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo tafuteni kijana wa kijiji hichohicho awasindikize, mpatane malipo kabla ya kuanza, kwa shilingi na kwa maneno yanayoeleweka. Mwelezeni kwamba babu ndiye anayesimulia, na yeye kazi yake ni kusema kushoto au kulia pale atakapoulizwa.

Kijana wa Magamba amejibu:

Nakubaliana na Binti wa Yoghoi kuhusu goti, nami nitabadilisha ushauri ninaowapa wageni wangu wazee. Kuhusu siku, nendeni Alhamisi au Jumapili, ambazo ni siku za gulio Lushoto, ili mzee akutane na wenye mizigo wakishuka, kama alivyoshuka yeye. Na mtoto akitazama vizuri kwenye vichaka vya pembeni, anaweza kumwona kinyonga wa huku mwenye pembe puani. Wengi wetu tulikuzwa tukiambiwa kwamba kinyonga ana sumu au mkosi. Hana vyote viwili. Akimwona amtazame tu bila kumshika, atamwona akihamisha mguu mmoja baada ya mwingine kana kwamba anajaribu tawi kama litambeba.

Mjukuu wa Milimani ameandika:

Ndugu zangu, tumerudi salama, nami ninawiwa kuwapa taarifa kwa jinsi mlivyonisaidia.

Tulikwenda siku ya Alhamisi. Tulipata kijana wa miaka 19 ambaye, baada ya kuulizana na baba majina ya wazee kwa muda mrefu pale kituoni, alibainika kuwa ni mjukuu wa mtu aliyechunga mbuzi pamoja na baba. Alitembea nyuma yetu karibu muda wote, kama Mkazi wa Lukozi alivyoshauri. Mara mbili tu baba alisimama kwenye njia panda akiwa kimya, na mara zote mbili kijana hakusema neno, alikohoa tu na kutazama upande unaotakiwa. Nilimshukuru sana moyoni kwa ile adabu.

Tulitumia saa tatu na robo. Goti lilivumilia mwinuko vizuri, na kurudi tulipanda gari. Binti yangu alijifunza zile salamu, na kufikia kilima cha pili alikuwa anawaamkia watu walio mbali kuliko nilivyoweza kuwaona. Tulikutana na wanawake wanne wakishuka na matenga, tukasogea upande wa juu, na wa mwisho, aliye mzee kuliko wenzake, alimjibu baba kwa Kisambaa bila kugeuza shingo, kisha wakaendelea kusemezana yeye akishuka na baba akipanda hadi sauti zikapotea. Nilimuuliza baba walichokuwa wakisema. Aliniambia kwamba yule mama alimuuliza yeye ni wa nyumba ipi, naye akamjibu, na yule mama akamwambia kwamba amechelewa.

Kuhusu matuta, nilimuuliza akiwa amekaa, kama Mwalimu ulivyoelekeza. Alisema mama yake alikuwa na kovu la jembe kwenye mguu wa kulia tangu wakati huo, na kwamba hadi anafariki hakupenda kusikia neno hilo likitajwa. Mimi bibi yangu nilimfahamu, na kovu lile nililiona, lakini sikuwahi kuuliza.

Irente tulikuta ukungu, ukaondoka saa tano kasoro. Reli, barabara na mkonge vyote vilionekana. Binti yangu nilimshika mkono, naye babu yake alimshika ule mwingine.

Mwalimu, chemchemi ipo. Mkuyu pia upo, ingawa tawi lake kubwa la upande wa njia limekatwa. Maji sasa yanatoka kwenye bomba la plastiki lililochomekwa kwenye mwamba na kufungwa kwa kamba ya mkonge, na juu ya jiwe la pembeni mtu ameacha kikombe cha kijani kwa ajili ya wapita njia. Baba alikunywa vikombe viwili, akakisuuza, akakirudisha palepale juu ya jiwe.